Kidato chini ya boti: ndege zilizotua Ziwa Victoria na somo lake kwa boti za kasi

Chukua ramani ya Ziwa Victoria na rula. Weka ncha moja Kisumu na nyingine Mwanza, kisha chora mstari. Utaona unapita jirani kabisa na Musoma, pale ambapo Mto Mara, baada ya kupita pande za Busawe kwenye mpaka wa Tarime na Serengeti na baadaye chini ya daraja la Kirumi, unamwaga maji yake ziwani. Machi 1931 barua zilizoondoka London tarehe 28 Februari zilifika Mwanza kwa njia ya anga. Shirika la Imperial Airways lilikuwa limefungua huduma yake ya Afrika, na Mwanza ndiyo ilikuwa kituo cha mwisho.

Ndege iliyofanya kazi kwenye ziwa letu haikuwa na magurudumu. Ilikuwa Short Calcutta, ndege ya injini tatu yenye tumbo la boti. Ilitua majini, ikafungwa kwenye boya kama mashua nyingine yoyote, kisha kesho yake ikakimbia juu ya maji mpaka ikanyanyuka. Sasa, ukiinama uangalie chini ya tumbo lile, ungeona kitu ambacho mashua zetu hazina: katikati ya sakafu kuna mkato, kama ngazi moja inayopanda. Sehemu ya mbele iko chini, halafu ghafla sehemu ya nyuma inaanzia juu kidogo. Hicho ndicho kidato. Siyo kidato cha nne, jamani, ni kidato kwa maana ile ya zamani, kipandio cha ngazi.

Kidato hicho hicho leo kiko chini ya boti nyingi za kasi duniani. Wauzaji wanakisifia kwa sababu kinaongeza mwendo kwa injini ile ile. Wanachosema kwa sauti ndogo ni kwamba boti yenye vidato inaweza kuwa na tabia ngumu: inaweza kuanza kurukaruka, inaweza kupoteza mshiko kwenye kona, inaweza kugeuka nyuma mbele kwa sekunde chache. Watu wanadhani haya ni mambo mapya ya matajiri wa Miami na Monaco. Ukweli ni kwamba tatizo lina zaidi ya miaka 100, na sehemu nzuri ya historia yake ilipita hapa hapa kwetu.

Maji yanavyong'ang'ania

Tuanze na mashua ya kawaida ya mbao, ya mita 9 hivi, yenye injini ya kupachika. Mashua hiyo inaelea kwa kusukuma maji pembeni. Ikienda, inatengeneza wimbi mbele na wimbi nyuma, na kadiri mwendo unavyoongezeka, wimbi lile linarefuka. Ikifika mahali ambapo wimbi moja lina urefu sawa na mashua yenyewe, mashua inajikuta iko kwenye bonde la wimbi ililolitengeneza mwenyewe, inajaribu kupanda mlima usiokwisha. Kwa mashua ya mita 9, hilo linatokea kwenye kilomita 13 au 14 kwa saa. Ongeza injini mara mbili, utapata kelele na bili ya petroli, mwendo hautabadilika sana.

Njia ya kutoka hapo ni kuacha kuelea na kuanza kuteleza. Sakafu ikiwa bapa na ikakaa kwa pembe ndogo, maji yanayopigwa kwa kasi yanaisukuma juu, kama kijiwe bapa kinachorushwa na watoto mtoni kikadunda mara tano. Boti inapanda juu ya maji badala ya kuyapasua.

Lakini kuna kikwazo. Fanya jaribio hili jikoni: shika kijiko kwa ncha ya mpini, kiache kining'inie, kisha kisogeze taratibu mpaka mgongo wake uguse maji yanayotoka bombani. Ungetegemea kisukumwe pembeni. Badala yake kinavutwa ndani ya maji. Maji yanayofuata uso uliopinda yanaunyonya uso huo. Tumbo la boti likipinda kwenda juu kuelekea nyuma, kama yalivyo matumbo mengi, linanyonywa vivyo hivyo. Mbele inasukumwa juu, nyuma inavutwa chini. Injini inahangaika na yote mawili.

Mtu wa kwanza kupeleka suluhisho serikalini alikuwa mchungaji wa kanisa. Mwaka 1872 Charles Meade Ramus, kasisi wa Sussex, Uingereza, aliiandikia wizara ya jeshi la majini akipendekeza meli yenye sakafu iliyokatwa kidato, ili ipande juu ya maji. Wizara ikampa kazi William Froude, yule mhandisi aliyekuwa akipima modeli za meli kwenye tanki lake huko Torquay. Froude akapima, akajibu kwa ukweli: kwa mwendo ambao injini za mvuke zingeweza kuufikia, umbo hilo lingekuwa na ukinzani mkubwa zaidi. Wazo halikuwa baya. Injini ndizo zilikuwa nzito mno kulingana na nguvu zake.

Injini nyepesi za petroli zilipokuja, wazo likafufuka. Mwaka 1912 boti ya Kiingereza iitwayo Maple Leaf IV, yenye vidato vitano na dereva Tom Sopwith, ilishinda kombe la Harmsworth. Mwaka huo huo, huko Hammondsport, jimbo la New York, Glenn Curtiss alikuwa na tatizo: ndege yake ya tumbo la boti ilikuwa ikikimbia vizuri ziwani lakini ilikataa katakata kunyanyuka. Akapanda boti nyingine, akaifuata kwa karibu na kuangalia maji yanavyopita chini yake. Aliona jinsi yalivyoing'ang'ania. Akaongeza vipande vya mbao chini ya tumbo ili kutengeneza kidato, na ndege ikaruka.

Kidato kinafanya nini hasa

Maji yanayokimbia chini ya boti hayawezi kukata kona kali. Yakifika kwenye ukingo wa kidato, yanaendelea moja kwa moja na kuacha tundu nyuma yake. Tundu hilo likipata hewa kutoka pembeni, mnyonyo unakatika. Sehemu kubwa ya sakafu ya nyuma inakauka, msuguano unapungua, mwendo unapanda.

Kwa ndege kulikuwa na faida ya pili. Kidato kiliwekwa nyuma kidogo tu ya kitovu cha uzito. Ndege ikishakuwa inateleza juu ya kidato peke yake, rubani anaweza kuinua pua yake kama mtu anayeinamisha mbao ya bembea, na mabawa yakapata pembe ya kurukia. Bila kidato, tumbo refu linalala majini na pua haiinuki.

Unaona sasa kilichotokea? Boti iliyokuwa imelala kwa urefu wake wote, imetulia kama mkeka sakafuni, sasa inasimama kwenye kipande kidogo cha sakafu. Huo wepesi wake ndio ulioleta matatizo yote tutakayoyataja.

Mruko wa pomboo

Tatizo la kwanza ambalo marubani walikutana nalo, Waingereza walilipa jina la mnyama: nyangumi mdogo jamaa ya pomboo, anayezama na kuibuka akiogelea. Boti au ndege inayoteleza inaanza kunyanyua pua, inashuka, inanyanyua zaidi, inashuka kwa nguvu zaidi. Kila mzunguko unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Usipofanya kitu, mwisho wake ni kupiga pua majini kwa kasi kubwa.

Kwa nini mruko unakua badala ya kufa? Fikiria bembea. Ukimsukuma mtoto wakati wowote tu, mara nyingine unamwongezea na mara nyingine unampunguzia. Ukimsukuma kila anapoanza kuondoka kwako, anaenda juu zaidi na zaidi. Boti inayoteleza ina mienendo miwili kwa pamoja: inapanda na kushuka mwili mzima, na inanyanyua na kushusha pua. Kwa mwendo fulani na pembe fulani, mwenendo mmoja unamsukuma mwenzake kwa wakati ule ule unaofaa. Hakuna wimbi linalohitajika. Ziwa linaweza kuwa limelala kama kioo na boti bado ikaanza kuruka yenyewe, kwa sababu nishati inatoka kwenye injini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 W. G. A. Perring na H. Glauert wa Uingereza walitoa hesabu za jambo hili, na huko Marekani taasisi ya NACA ilijenga tanki refu la majaribio pale Langley, likaanza kazi 1931. Picha iliyojengeka kutokana na utafiti wa miaka hiyo na iliyofuata ni rahisi kuieleza. Kwa kila mwendo kuna pembe ya chini na pembe ya juu. Pua ikiwa chini sana, mruko unaanza kwa sehemu ya mbele peke yake. Pua ikiwa juu sana, sehemu ya nyuma inagusa maji, na mruko wa aina nyingine unaanza. Katikati kuna njia salama. Kazi ya rubani ni kuifuata njia hiyo, kama mtu wa baiskeli kwenye tuta la shamba la mpunga, huku mwendo ukiongezeka na tuta lenyewe likibadilika upana.

Ingekuwa vizuri kama kina cha kidato kingemaliza ubishi. Kidato kirefu kinapata hewa ya kutosha na tabia majini inakuwa nzuri, lakini angani kinaburuta upepo. Kidato kifupi ni kizuri angani, lakini wakati wa kutua tundu linakosa hewa, mnyonyo unakuja na kuondoka, na ndege inadunda. Kampuni ya Short ilikuwa na tanki lake la majaribio huko Rochester tangu 1924, na humo ndimo matumbo ya ndege zake yalipimwa kwa modeli kabla ya kujengwa. Hawakuwa wakibahatisha, lakini hata wao hawakuweza kulifuta tatizo. Walilibana tu mpaka likawa dogo kiasi cha rubani aliyefundishwa kulimudu.

Ziwa lililo mita 1,134 juu

Julai 1936 Short walirusha kwa mara ya kwanza ndege-boti yao mpya, Canopus, ya kwanza katika kundi lililojulikana kama Empire: injini nne, mabawa ya mita 34.7 kutoka ncha hadi ncha, na uzito wa zaidi ya tani 18 ikishajaa. Kuanzia 1937 ndege hizi zilikuwa zikishuka kutoka Southampton hadi Durban. Kwetu zilipita Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Yaani ndani ya siku moja au mbili ndege hiyo hiyo ilipaswa kuruka kutoka bahari ya chumvi iliyo usawa wa sifuri na kutoka ziwa la maji baridi lililo mita 1,134 juu ya bahari.

Hapa hesabu kidogo haitaumiza. Chukua asubuhi ya Kisumu yenye nyuzi 27. Kwa mwinuko wa ziwa, kanieneo la hewa ni karibu asilimia 87 ya lile la baharini. Ukiongeza na joto, densiti ya hewa inakuwa pungufu kwa asilimia 16 hivi ukilinganisha na kipimo cha kawaida cha wahandisi, yaani usawa wa bahari kwenye nyuzi 15. Nguvu ya mabawa inategemea densiti mara mwendo mara mwendo. Kwa hiyo ili mabawa yabebe uzito ule ule, mwendo lazima upande kwa asilimia 9. Ndege ambayo ingenyanyuka kwa kilomita 130 kwa saa, hapa itahitaji kama 142. Nishati ya mwendo inayohitajika inaongezeka kwa karibu asilimia 19, na propela zinasukuma hewa hiyo hiyo nyepesi.

Sasa angalia upande wa pili. Hewa imekuwa nyepesi, lakini maji hayajawa mepesi. Tumbo la ndege halijui kama liko mita 1,134 juu. Linachojua ni kwamba linatakiwa kukimbia juu ya maji kwa kasi zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko Mombasa. Yaani ule muda wa kuwa juu ya kidato, ambao ndio muda wa hatari ya mruko wa pomboo, unarefuka.

Na usifikirie maji yaliyotulia yanasaidia. Ziwa likiwa kama kioo, hewa haipenyi vizuri chini ya tumbo, na mnyonyo unachelewa kukatika. Marubani wa ndege za majini wanajua hadi leo kwamba viwimbi vidogo vinasaidia kuruka, na njia mojawapo ya kujisaidia ni kupitisha boti ivuruge maji kwanza. Boti ya kituo ilikuwa na kazi nyingine pia: kukagua njia. Gogo, kisiwa cha mafunjo kilichokatika, au mtumbwi wa mvuvi, chochote kati ya hivyo kikikutana na sakafu nyembamba ya bati kwa mwendo wa kilomita 140 kwa saa, ni maafa.

Corsair na mto Dungu

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi utegemezi huo hakikutokea ziwani, kilitokea upande wa pili wa bonde, Kongo. Tarehe 14 Machi 1939 ndege ya Empire iitwayo Corsair ilikuwa njiani kutoka Durban kwenda Southampton. Iliondoka Port Bell kuelekea Juba, ikapotea. Kinachoelezwa ni kwamba chombo cha redio cha kutafutia mwelekeo kilikuwa na hitilafu. Mafuta yakawa yanakwisha. Kapteni E. S. Alcock, ndugu yake John Alcock aliyevuka Atlantiki kwa ndege 1919, aliona mto mwembamba karibu na Faradje, kaskazini-mashariki ya Kongo ya Wabelgiji. Ulikuwa mto Dungu. Akatua. Watu wote walisalimika, lakini mwamba ulitoboa tumbo.

Ndege ya ardhini ikiharibika porini unaitengenezea kiwanja. Ndege-boti unaitengenezea nini? Mafundi walitumwa kutoka Uingereza, wakaziba tumbo. Jaribio la kuruka mnamo Julai lilishindikana: mto ulikuwa mfupi na una kona, na ndege ikagonga mwamba tena kabla haijanyanyuka. Baada ya hapo maji yakapungua. Suluhisho likawa kujenga bwawa kuvuka mto ili kina kipande na njia irefuke. Kambi ya wafanyakazi ikakua mpaka ikaitwa Corsairville. Wenyeji wa Faradje ndio waliobeba mawe, magogo na udongo wa bwawa hilo, ingawa kwenye historia za usafiri wa anga wao hawatajwi kwa majina. Januari 1940, miezi karibu 10 baada ya kutua, Kapteni John Kelly-Rogers aliirusha Corsair ikiwa imepunguzwa uzito.

Kwa mhandisi, bwawa lile linasema jambo moja. Ndege ile ilikuwa na injini nne na tumbo lililopimwa tankini, lakini uwezo wake wa kuruka salama haukuwa ndani yake peke yake. Ulikuwa kwenye urefu wa maji, kina cha maji, uzito uliobebwa na mkono wa rubani, vyote kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, kidato hakina msaada.

Enzi hiyo haikudumu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ndege-boti aina ya Catalina zilifanya doria kutoka Kipevu, Mombasa, na Dar es Salaam. Baada ya vita shirika la BOAC lilileta Solent, zilizopita Port Bell kwenda Afrika Kusini kuanzia 1948. Novemba 1950 huduma ikafungwa. Vita vilikuwa vimeacha viwanja vya lami kila mahali, na ndege za magurudumu zilikuwa nafuu. Ziwa likarudi kwa mashua na meli.

Kidato kinahamia kwenye boti za kasi

Upande wa boti, kidato kilikuwa na historia yake ya majonzi. Tarehe 13 Juni 1930 Sir Henry Segrave alivunja rekodi ya dunia ya mwendo majini kwenye ziwa Windermere, Uingereza, akiwa na Miss England II, boti yenye kidato. Alifikisha wastani wa kilomita 158.9 kwa saa. Dakika chache baadaye, boti ilipinduka ikiwa kwenye kasi. Segrave alifariki siku hiyo hiyo, na fundi wake Victor Halliwell alikufa naye. Ilidhaniwa kuwa gogo lililokuwa likielea ndilo lililoharibu kidato cha mbele. Kipande kidogo cha sakafu ndicho kilichobeba boti nzima. Kikiondoka hicho, hakuna kingine cha kushika.

Kuanzia miaka ya 1960 boti za baharini zilihamia kwenye umbo la V yenye kina, lililobuniwa na Ray Hunt wa Marekani, kwa sababu linapasua mawimbi vizuri. Vidato vikasahaulika kwa muda. Miaka ya 1980 na 1990 vikarudi, safari hii vimewekwa viwili au vitatu chini ya V hiyo, kwanza kwenye boti za mashindano, baadaye kwenye boti za kuuzwa kwa mtu yeyote mwenye hela.

Hapo ndipo tatizo la zamani likaja na sura mpya. Ndege-boti ilikuwa ikikimbia moja kwa moja. Boti inapiga kona.

Boti ya V isiyo na kidato, ikiingia kona, inalala upande na mkuku wake mrefu unashika maji kama kisu. Boti yenye vidato imesimama kwenye vipande viwili au vitatu vilivyotengana, na kipande cha nyuma ni kidogo. Kwenye kona kali kipande hicho kinaweza kuachia. Tezi, yaani nyuma ya boti, inateleza nje, kama nyuma ya gari kwenye barabara ya tope. Ikishateleza upande, ukingo wa boti unaweza kukamata maji ghafla, na hapo kuna mawili: inageuka nyuma mbele, au inabingirika na kumwaga watu.

Kosa linalolizidisha ni lile ambalo kila dereva mgeni atalifanya kwa hofu: kupunguza mafuta ghafla katikati ya kona. Mafuta yakikatwa, omo, yaani mbele, inashuka. Sehemu ya mbele inauma maji wakati nyuma imekuwa nyepesi. Boti inazunguka kwenye pua yake. Anayeijua boti hiyo anapunguza mwendo kabla ya kona na kuinyanyua pua, siyo ndani ya kona.

Tatizo la tatu ni hewa. Vidato vinapumua kupitia matundu ya pembeni. Mizigo ikirundikwa nyuma, matundu yanazama. Wimbi la pembeni likija, tundu la upande mmoja linaziba na la upande wa pili linabaki wazi. Mnyonyo unarudi upande mmoja tu, bila taarifa. Kwa ziwa lenye magugu maji, hili siyo la kufikirika.

Wahenga wa pwani wana msemo: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Unatumika kwa mengine mengi, lakini kwa boti yenye vidato ni kweli kwa maana yake halisi kabisa. Watu watatu wakitoka mbele kwenda kukaa nyuma, kitovu cha uzito kimehama, pembe imebadilika, na ile njia salama kati ya pembe ya chini na ya juu inaweza kuwa imepitwa.

Sisi linatuhusu nini

Kwenye ziwa hili tunajua bei ya kupuuza msawazo wa chombo. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na watu zaidi ya 800 wakapoteza maisha. MV Nyerere, kivuko chenye uwezo wa watu 101, kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimejaa kupita kiasi, na watu 228 walifariki. Hayo yalikuwa matatizo ya vyombo vinavyoelea: uzito kupita kiasi, au uzito uliokaa juu mno au upande. Kwa hiyo tukisikia neno usalama wa majini, akili yetu inaenda moja kwa moja kwenye idadi ya abiria na maboya ya kuokolea. Ni sawa, na lazima iendelee hivyo.

Lakini boti inayoteleza ina msawazo wa aina nyingine, unaozaliwa na mwendo. Unaweza kuipima ikiwa imefungwa gatini, ukaikuta imetulia kabisa, hata watu 10 wakisimama upande mmoja. Kipimo hicho hakikwambii chochote kuhusu tabia yake kwenye kilomita 60 kwa saa ikiwa inapiga kona na tangi la mafuta limebaki robo. Ndiyo maana Short walikuwa na tanki la kuburutia modeli: kuona boti ikiwa imesimama hakutoshi.

Boti za faiba zenye injini mbili za kupachika zinazidi kuonekana ziwani: za watalii, za doria, za kubeba wagonjwa kutoka visiwani. Baadhi ya maumbo yanayouzwa duniani kwa kazi kama hizo yana vidato. Sisemi tuvikatae. Mama mjamzito anayetoka kisiwani usiku anahitaji mwendo, na mafuta yanayookolewa na kidato ni hela ya safari nyingine. Ninachosema ni kwamba kidato hakikuwahi kuwa kitu cha bure. Kinachukua utulivu uliokuwa kwenye umbo la boti na kuuweka mikononi mwa dereva. Imperial Airways walilijua hilo, na walililipia: marubani waliosomea, boti ya kukagua njia kila asubuhi, uzito uliopimwa kabla ya kila safari.

Kwa hiyo anayenunua boti ya aina hii, iwe halmashauri, hoteli au kikundi cha wavuvi, asiishie kuuliza hospawa ngapi. Aulize maswali manne. Je, imejaribiwa kwenye kona ikiwa na mzigo kamili na ikiwa tupu? Mizigo na watu wakae wapi, na je, imeandikwa ndani ya boti kwa Kiswahili? Matundu ya hewa yako juu ya maji kiasi gani boti ikiwa imejaa? Na dereva amefundishwa kwenye boti yenye vidato, au anatoka kwenye mashua ya mbao ya kilomita 13 kwa saa? Shirika la TASAC, lililoanzishwa kwa sheria ya 2017, ndilo lenye jukumu la usalama wa vyombo vya majini nchini. Swali la nne hasa lingefaa kuwa sehemu ya leseni, kwa sababu ujuzi wa mashua, hata wa miaka 20, unamfundisha mtu kupunguza mafuta anapoogopa. Kwenye boti yenye vidato, katikati ya kona, hilo ndilo jambo la mwisho la kufanya.